Jino la Juu Kwanza

Zuhura mwanangu,

Salamu naziacha, maana uko upande wa pili wa ukuta huu na nakusikia unavyogombana na kamba ya mzigo. Umeifunga mara tatu na mara tatu imekushinda. Ningeweza kuja kukusaidia, lakini nikija nitaanza kukupangia nguo, nitakuuliza kama umeweka chumvi, na jua litazama, kesho unapanda mtumbwi kwenda Ujiji kwa mumeo, na sijasema neno hata moja la maana. Kwa hiyo tangu tuliposwali alasiri nimejifungia humu chumbani na kalamu ya babu yako, na wewe nimekuambia naumwa kichwa. Siumwi kichwa. Huo ni uongo mdogo kuliko wote nitakaoutaja katika barua hii.

Mambo ya uji, ya kumfunika mtoto mtumbwini, ya namna ya kukaa na mama mkwe, huyapati hapa. Umeyasikia mpaka yamekukinai, na juzi ulinikata kauli ukasema, "Mama, sasa unarudia kama kasuku." Haya, kasuku amenyamaza. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya meno. Najua unacheka. Cheka sasa, maana mbele huko hutacheka.

Wiki iliyopita mwanao Juma alitoka udenda mpaka kifua kikalowa, akawa anatafuna ngumi yake, na jioni mwili ukamchemka. Ulimshika, ukamtazama, ukasema, "Ni homa ya meno hii, kama ile ya dada." Ukaendelea kumpepea. Mimi nikatoka nje nikajifanya naenda kutazama mawese jikoni. Mawese yalikuwa yameshaiva zamani. Nilikaa nyuma ya jiko nimeshika mwiko, kwa sababu maneno hayo uliyapata kwangu, na mimi niliyatunga.

Dada yako Mwanaidi hakufa kwa homa ya meno.

Nimeandika mstari huo, nikaweka kalamu chini, nikanywa maji, nikarudi. Sasa nitakueleza kama ilivyokuwa, na ukiona napotoka njia ujue ni woga.

Mwanaidi alikuwa mtoto wangu wa kwanza. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa anakaa kambi za wavuvi huko Minago, ananunua ndagala na kuzianika mchangani, na kila mwezi ukiandama alikuja nyumbani siku chache. Mimi nilibaki hapa Rumonge na mtoto. Nilikuwa msichana mdogo kuliko wewe ulivyo sasa, na nilijiona najua kila kitu kwa sababu najua kusoma. Mtoto alipofika mwezi wa saba alianza udenda kama huu wa Juma. Siku moja namlisha uji, kijiko kikagonga kitu mdomoni kikalia. Nilifurahi sana. Nilimlaza magotini, nikamfungua mdomo nimwone jino lake, nikaliona. Lilikuwa juu.

Wewe umekulia hapa, unajua mtoto anayeanza meno ya juu anaitwaje. Kigego. Unajua pia neno hilo halitamkwi kwa sauti kubwa. Zamani za bibi zangu mtoto wa namna hiyo alipelekwa ziwani na hakurudi, au alipewa wapita njia wasiokuwa na habari. Tangu Wadachi waweke boma lao Usumbura watu wanaogopa kamba ya kunyongwa, hawafanyi tena mambo hayo waziwazi. Lakini mtoto anabaki na jina. Mtu akifa mtaani, ni yeye. Mtumbwi ukipinduka, ni yeye. Mama yake akienda kuomba moto kwa jirani, anaambiwa jiko limezimika na huku moshi anauona. Wanaume wameacha wake zao kwa jino moja, na jino lenyewe ni dogo kama punje ya mchele.

Nilimfunga Mwanaidi mdomo kwa kiganja changu. Alikuwa hata halii, alikuwa anacheka, na mimi nimemziba mdomo kama mwizi. Siku tatu sikutoka nje. Nilikwenda kwa babu yako, maana yeye alikuwa mwalimu na mtu wa vitabu, nikamwonyesha. Alitazama, akasema, "Kitabuni hakuna habari ya jino la juu wala la chini, mwanangu." Kisha akageuka akatazama kama mlango umefungwa. Nilikuwa nataka sana kushika maneno yake, lakini nilichoshika ni yale macho yake mlangoni.

Hapo mtaa wa juu alikuwako mama mmoja anayejua dawa za watoto. Simtaji jina. Amekufa, na wajukuu wake unacheza nao. Nilimwendea mchana watu wakiwa mashambani. Alinisikiliza, akamtazama mtoto, akasema, "Hii kitu iko na njia. Meno ya chini tayari iko ndani, inalala tu. Tunaifungulia mulango, inatoka leo. Watu wakiangalia wanaona ya chini na ya juu pamoja, nani atajua gani ilitangulia?" Akaniambia nisiogope, ameshafanya kwa wengi.

Nilimshika mimi, Zuhura. Sikumpa mtu mwingine amshike. Nilimshika kichwa kwa mikono yangu miwili, yule mama akachukua kiwembe, akakifuta kwenye nguo yake, akamchanja ufizi wa chini mara mbili, kisha akapaka chumvi ya Uvinza iliyochanganywa na majivu. Na kweli, damu ilipokatika, ndani ya mkato ukaona weupe kidogo wa jino. Yule mama akasema, "Umeona?" Nikamshukuru. Nikamshukuru kwa maneno mazuri, nikampa kuku.

Siku ya pili mtoto hakutaka ziwa. Siku ya tatu taya lilivimba upande mmoja na mwili ukawa moto. Nilirudi kwa yule mama, akaja, akapaka majivu mengine. Siku ya sita, wakati jua linapanda, Mwanaidi alikufa mapajani mwangu na mdomo wake umevimba hata huwezi kuona tena jino la juu wala la chini. Yule mama alinishika bega akaninong'oneza, "Ni afadhali. Huyu alikuja kumaliza nyumba yako." Na mimi, Mungu anisamehe, nilipata nafuu kidogo kwa maneno hayo. Siku moja hivi, au mbili.

Baba yako alikuja mbio kutoka Minago akakuta tumeshazika. Aliniuliza, "Nini imemupata mutoto?" Nikamjibu, "Homa ya meno." Neno hilo lilitoka lenyewe. Sikujua kama litatoka hivyo, lakini lilipotoka lilikaa vizuri, kila mtu akalipokea. Wanawake waliokuja msibani wakasema, ndiyo, meno yana homa mbaya. Ukaanza mtaa mzima kuzungumza habari ya homa ya meno ya mtoto wangu. Mpaka leo mtoto akichemka wakati wa meno wanasema, kama yule wa Bi Mwajuma. Wengine wanakaa naye nyumbani wakingoja jino litoke homa iishe, kumbe mtoto ana kitu kingine kabisa, homa ya baridi au tumbo, na wangemtafutia dawa mapema. Na wengine wanakimbilia kiwembe ili jino litoke upesi. Wanawafanyia hivyo watoto wao kwa sababu ya maneno yangu, na mimi nakwenda kwenye misiba hiyo, nakaa na wenzangu, nakunywa kahawa. Sijawahi kufungua mdomo.

Baba yako hakujua. Alikufa anaamini homa ya meno. Nimewaza mara nyingi angenifanya nini kama ningemwambia, na nikupe ukweli, sijui. Alikuwa mtu mpole lakini hata watu wapole wana mpaka wao. Pengine angenifukuza. Pengine angekaa chini tulie pamoja. Nilimnyima nafasi ya kuchagua, na hilo linaniuma kuliko kama angenipiga.

Sasa nije kwako.

Wewe ulizaliwa miaka miwili baadaye, mwenye kelele, mwenye nywele nyingi. Nilikaa nikikutazama mdomo kama mtu anayelinda shamba na nyani. Mwezi wa nne, mtupu. Mwezi wa sita, mtupu. Watoto wa jirani uliozaliwa nao walishaanza kuuma watu, na wewe ukawa unacheka na ufizi mtupu kama bibi kizee, nikamshukuru Mungu kwa kila siku ya ufizi mtupu. Mwezi wa nane nilikuogesha, nikapitisha kidole, nikakuta.

Juu. Mawili kwa mpigo.

Ndiyo, Zuhura. Wewe ni kigego. Kaa chini kama umesimama.

Sikukupeleka kwa mtu. Nilikufunga mgongoni nikaenda shambani kwa babu yako kule Gatete, kwenye kile kibanda cha kukamulia mawese, nikatuma habari mtaani kwamba mtoto ana upele mbaya wa kuambukiza na mtu asije. Nilikupaka mafuta na udongo mwekundu mashavuni ili hata akipita mtu aone ni kweli. Watu waliamini kabisa. Ndiyo maana mtaa mzima ulikuita Mama Upele mpaka ukafika umri wa kuchunga kuku, na wewe ukawa unaniuliza, "Mama, kwa nini mimi ni Mama Upele?" nikakuambia ni utani. Wiki ya tano meno ya chini yakatoka, yenyewe, bila mtu kuyafungulia mlango. Nilikaa mlangoni mwa kibanda kile nikalia mpaka nikachoka. Kama ningengoja wiki tano na Mwanaidi. Ni wiki tano tu, mwanangu.

Ningependa barua iishie hapo, mama yako ameshapata akili. Lakini haikuwa hivyo.

Tuliporudi nyumbani haukupita muda ndui ikaingia. Ilipita pwani yote ya ziwa, kuanzia huko Muhuta mpaka kwetu na kuendelea chini. Baba yako aliugua siku tisa, akafa. Nikaingia eda. Nikakaa ndani na shela langu, na wewe una miezi kumi na moja, unatambaa huku na huku unatafuta baba. Nilikutazama siku moja ukiwa umekaa pale kwenye mwanga wa mlango, ukacheka, nikaona yale mawili ya juu, na moyo wangu ukasema: ni huyu.

Nilikuchukia. Naliandika wazi kwa sababu kama sitaliandika wazi barua yote ni bure. Bibi yako, mama yangu, alikuwa anakuleta unyonye, nami nageuza uso ukutani, nakupa ziwa bila kukutazama. Ukilia sikunyanyui. Ukinishika shela nalivuta. Bibi yako alidhani ni huzuni ya mjane, akawaambia watu, mwacheni, atarudi. Hakujua ninachokiwaza, na siku nyingine niliwaza mambo ambayo hata karatasi hii sitaipa. Nilijua yule mama wa mtaa wa juu bado yuko hai, na nilijua njia ya kwenda kwake.

Kilichoniokoa ni kukosa kazi. Mwenye eda hatoki, lakini watu wanaingia, na siku zile kila aliyeingia kunipa pole alikuwa na msiba wake mwenyewe. Huyu kafiwa na baba, huyu na ndugu wawili, huyu nyumba nzima. Siku moja alikaa mbele yangu mwanamke aliyefiwa na kaka na mama mkwe kwa wiki moja, ana mtoto mdogo magotini. Nikamuuliza, bila hata salamu, "Huyu alianza meno ya wapi?" Akanitazama. Akasema, "Ya chini, kama watu wote." Nikamuuliza wa pili. Ya chini. Wa tatu, ya chini. Kila aliyekuja nikamuuliza, mpaka wakaanza kuambiana huko nje, "Mujane wa watu kichwa imeharibika, musiba mukubwa hivi yeye anauliza habari ya meno." Waache waseme. Nyumba zote zile zilikuwa zimeondokewa na watu, na hakuna hata moja iliyokuwa na kigego. Kama kigego ndiye aliyeleta ndui, basi wewe ulikuwa na kazi kubwa sana kwa mtoto asiyejua hata kusimama.

Jioni hiyohiyo bibi yako akakuleta unyonye. Ukaniuma. Uliniuma kwa meno yote manne, ya juu na ya chini, nikapiga ukelele, nawe ukaachia ziwa ukanitazama usoni ukacheka kwa nguvu, ukaona ni mchezo. Ilikuwa mara ya kwanza kukutazama tangu tumzike baba yako. Ulikuwa umekonda. Nilikubana kifuani mpaka ukalia, na bibi yako akaja mbio akidhani nimekufanya nini.

Tangu hapo, unajua mwenyewe, nimekuwa mtu wa kuogesha watoto wa watu. Unadhani napenda maji. Nilikuwa natia kidole vinywani mwao. Miaka yote hii nimetia kidole katika vinywa vya watoto wengi wa Rumonge, Waswahili na Warundi, na nimejifunza mambo ambayo hayamo kichwani mwa yule mama wa kiwembe. Mtoto anaanza jino katika mwezi wa sita, mara nyingi hivyo, lakini nimeona wa mwezi wa nne, na nimeona aliyetimiza mwaka na ufizi wake mtupu, na wote leo wanatafuna miwa. Ya chini ya katikati yanatangulia kwa wengi. Kwa wachache yanatangulia ya juu. Wachache hao si wachache kama unavyofikiri, ni kwamba mama zao wana upele wao, na ukurutu wao, na safari zao za ghafla kwenda mashambani. Nimemkuta mmoja amemfunga mtoto kitambaa usoni, anasema jua linamwumiza macho. Nilitia kidole, nikanyamaza. Yeye akanitazama, akanyamaza. Tumenyamaza hivyo na wanawake wengi, Zuhura, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake na mimi tu.

Udenda ni wa meno. Kutafuna ngumi ni kwa meno. Kulialia, kukosa usingizi, ufizi kuvimba, haya ni ya meno. Mtoto akichemka kweli, akakataa ziwa, akalegea, hiyo ni homa na ina sababu yake, itafute. Ile ya Juma wiki iliyopita ilikuwa kifua, na ndiyo maana nilimkanda na ukaona asubuhi amepoa. Ulinishukuru kwa kuijua homa ya meno. Nikasema, "Ahsante." Tazama nilivyozoea.

Sasa ndiyo nimefika kwenye lililonifanya nijifungie humu.

Jana nilimwogesha Juma. Ulikuwa unakunja mikeka. Nilipitisha kidole, ufizi wa chini laini kabisa kama siku aliyozaliwa. Wa juu una ukingo mgumu, na ukimwinamisha kwenye mwanga unaona alama mbili nyeupe chini ya ngozi. Zitatoka katika siku saba, kumi, zikichelewa sana mwezi. Wakati huo utakuwa Ujiji.

Huko Ujiji yuko mama wa mumeo Hamisi. Mara ya mwisho wachuuzi wa mawese walipotoka huko waliniletea maneno yake, na wewe ulikuwapo ukafurahi. Alisema jino la kwanza la mjukuu ni lake yeye kulitazama, kama desturi yetu ilivyo kwa mama wa mume, asioneshwe mtu kabla yake. Na akasema mtoto akisumbuliwa na meno tusiwe na wasiwasi, hapo jirani yao yuko mama hodari anayefungua ufizi. Wewe ulicheka ukasema, "Mama mkwe wangu amejiandaa." Mimi usiku ule sikula.

Sisemi mama wa Hamisi ni mtu mbaya. Simjui vya kutosha. Najua alimlea Hamisi, na Hamisi amekuwa mtu, anajenga nyumba za watu kule Kigoma kwenye stesheni ya Wadachi na hajasahau kukuita uwe karibu naye. Lakini hata mimi sikuwa mtu mbaya siku ile niliyomshika Mwanaidi kichwa. Nilikuwa mama anayempenda mtoto wake na anayeogopa watu.

Niliwaza kukufundisha upele. Asubuhi ya leo nilishachukua udongo mwekundu, nimeuweka kwenye kibuyu, nikupe usafiri nao, nikueleze namna ya kupaka. Ungekaa wiki tano, sita, umemficha. Ungeweza, wewe ni hodari wa uongo kuliko mimi, nakumbuka habari ya mbuzi wa jirani. Kisha nikawaza: na mtoto wa pili? Na siku Hamisi anapougua homa, na Juma yuko pale kwenye mwanga wa mlango anacheka, na wewe peke yako unajua meno yapi yalitangulia? Nikaumwaga ule udongo.

Kwa hiyo sina dawa ya kukupa. Nina mambo mawili tu.

La kwanza, mtu yeyote asitie kitu chenye makali mdomoni mwa Juma. Hata akiwa mama mkwe, hata akiwa Hamisi mwenyewe. Hapo usione aibu, piga kelele mtaa mzima ukusanyike, vunja adabu zote nilizokufundisha. Na ukishindwa kabisa, panda mtumbwi wowote unaokuja huku. Utanikuta.

La pili ni lako, siwezi kulichagua. Mimi nilichagua kwa ajili ya baba yako, nikachagua kwa ajili ya Mwanaidi, inatosha. Kesho asubuhi mwaloni, pale mitumbwi inapopakia, watakuwapo wanawake wote wa mtaa kukuaga, na wale wachuuzi wanaokwenda nawe Ujiji, ambao maneno yao yatafika kwa mama mkwe wako kabla hujafungua mzigo. Ukitaka nikusemee, nipe Juma mikononi. Basi, usiseme kitu, nipe tu. Nitamwinua, nitamfungua mdomo, nitawaambia huyu anaanza juu, na mama yake alianza juu, na mtazameni mama yake, ana miaka kumi na saba, hajamwua mtu. Baadhi yao watarudi nyuma. Nawajua watakaorudi nyuma, na najua wawili watatu watakaosimama palepale kwa sababu vidole vyangu vinajua siri zao. Wachuuzi wakikataa kukupakia, utarudi nyumbani nami na Hamisi atakuja mwenyewe achukue mke wake, kama anamtaka. Huenda asije. Sitakudanganya kwamba atakuja.

Ukimfunga Juma mgongoni na kupanda, nitajua umechagua kuficha. Nitakushika mkono, nitakuombea safari njema, na sitakufikiria vibaya hata siku moja, maana mimi nimeficha tangu kabla hujazaliwa. Usiku huu utanisikia nageuka kitandani, usije kuniuliza. Fikiri peke yako.

Lakini habari ya Mwanaidi siombi ruhusa ya mtu. Hiyo ni yangu. Unipe Juma au usinipe, mtumbwi wako ukishaingia majini nitageuka niwaambie wanawake wote waliosimama pale kwamba mtoto wangu hakufa kwa meno, nilimshika kichwa mimi akachanjwa, na miaka yote hii nimewadanganya. Wanajua walivyowafanyia watoto wao kwa maneno yangu. Sijui watanifanya nini. Ninaogopa, Zuhura. Wewe utakuwa mbali, na ukisikia watu wanapiga kelele nyuma yako ufukoni, waambie wapiga kasia wasirudi.

Mama yako,
Mwajuma